Kahawa ya Kumpima Hewala

Tangu asubuhi sikuwa nimekaa chini. Nilifuta meza ambayo ilikuwa safi, nikafungua madirisha, nikayafunga kwa sababu ya vumbi, kisha nikayafungua tena. Mama mkwe, aliyekuwa sebuleni akifumua sweta kuukuu ili apate nyuzi, aliniambia nikiendelea kuzunguka hivyo nitatoboa sakafu. Nilicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha mdomoni tu. Jioni hiyo mkurugenzi wangu angepiga simu, na ningetakiwa kumjibu jambo moja: nakwenda au siendi.

Mimi ni mpima macho. Duka letu la miwani linafungua tawi katika mji mwingine, safari ya basi ya kutwa nzima, na mkurugenzi alitaka mimi ndiye nikaliongoze. Si kwenda na kurudi, ni kuhamia. Mume wangu hawezi kunifuata. Ni fundi wa makochi, karakana yake iko ubavuni mwa nyumba, wateja wake wote ni wa mitaa hii hii, na mama yake hakubali kulala kwenye kitanda kisicho chake hata usiku mmoja. Mama mwenyewe hatukuwa tumemwambia kitu. Tulikubaliana jambo liive kwanza.

“Zungumza na mwenzako,” mkurugenzi alinionya. “Sitaki baadaye niletewe kesi za ndoa.”

Nilizungumza naye, na hapo ndipo amani iliponitoka. Nilimweleza habari yote kuanzia mwanzo hadi mwisho, akasikiliza huku akipigilia misumari kwenye kiti cha mtu, halafu akasema, “Sawa, nenda.” Akaomba nimpitishie mkasi. Nilimpa mkasi nikabaki nimesimama pale nikisubiri jibu liendelee, lakini lilikuwa limekwisha.

Ungemjua mume wangu ungeelewa kwa nini sawa yake haikunituliza. Kaka zangu wamempachika jina la Hewala, kwa kuwa tangu siku ya kwanza alipotia mguu kwetu hajawahi kukataa kitu. Wali umeungua, yeye anasema mtamu. Nimenyolewa vibaya mpaka watoto wa jirani wananikwepa, yeye anasema nimependeza. Shangazi yangu anayemsema vibaya ametualika, yeye anauliza tunaondoka saa ngapi. Wenzangu kazini wananionea wivu, wanasema nimeokota dodo. Wajaribu wao kuishi na mtu asiyekataa. Kuna uchovu wake, maana hujui umesimama wapi.

Nyumbani tulikuwa na mashine ya kahawa iliyotoka kwa mkurugenzi. Alinipa siku aliponieleza habari ya tawi, na nilijua ni hongo, hata kama ilifungwa utepe. Unatumbukiza kijikopo kimoja chenye kahawa, unafunika, unabonyeza, nacho kinajaza kikombe kimoja tu. Sanduku la vijikopo lilikuwa na rangi kama za penseli za shule: vanila, karameli, lozi, chokoleti. Nilikuwa nimeiweka jikoni bila kuigusa. Siku hiyo, kwa kuwa mikono iliniwasha kwa kukosa kazi, nikaichomeka kwenye umeme.

Nikawaita wote wawili waje kuonja. Mume wangu alitoka karakana na vumbi la sponji kwenye nyusi, akavuta kiti, akakaa mkao wa kula. Mama mkwe alikuja kwa shingo upande. Ya vanila aliinusa kabla hajaigusa, akasema inanukia kichwa cha kitoto kichanga kilichotoka kuogeshwa, na yeye hajafikia kunywa watoto. Karameli akaisifu nusu. Alisema ni sukari iliyoungua, ila huyu aliyeiunguza alijua anachofanya. Ya lozi alipiga funda moja, akaenda kuimwaga mwenyewe kwenye sinki, kisha akarudi sebuleni kwenye nyuzi zake. Nilitamani mwanawe angerithi walau robo ya ulimi ule.

Nami nilionja, tena kwa makini, kwa sababu nikiwa na wasiwasi hushika kitu kidogo nikakishughulikia kama vile roho yangu iko ndani yake. Vanila ilinijia puani kabla ya kufika ulimini, halafu ikatoroka, ikabaki kahawa nyepesi isiyo na la kusema. Karameli ilikuwa nzito, na mwishoni ikaacha uchungu kidogo ambao niliupenda. Lozi ilinukia vizuri kuliko ilivyokuwa, na ilipopoa niliona kama natafuna maganda. Nikamgeukia mume wangu na kumuuliza yeye anaonaje.

Vanila, akasema, ni nzuri. Karameli nayo nzuri. Lozi je? Nzuri pia. Nikamwambia achague moja, sanduku lina vijikopo vingi na lazima tujue tutanunua vipi vikiisha. Akaniuliza mimi nimependa ipi. Nikamjibu kwamba nimeuliza mimi kwanza. Akatabasamu, akasema basi ile ninayoipenda mimi ndiyo hiyo hiyo. Damu ikanichemka.

Kazini kwangu nina dawa ya watu wa namna hii. Mtu anakaa kwenye kiti, namwekea lenzi mbele ya jicho, kisha nyingine, namuuliza anaona vizuri kwa ya kwanza au ya pili. Wengi hujibu bila shida. Lakini wapo wanaodhani ni mtihani, wanataka kunifurahisha, na kila ninachobadilisha wanasema afadhali. Hao nawawekea lenzi ile ile mara mbili. Nageuza mkono, nagonga chuma kidogo ili wasikie kama nimebadilisha, nauliza tena. Mkweli atasema haoni tofauti. Mwenye adabu atasema ya pili. Nikishamjua simuulizi tena, natafuta njia nyingine ya kulipima jicho lake, kwa sababu ukimtengenezea mtu miwani kwa majibu ya adabu, wiki haiishi amerudi ameshika kichwa.

Nikamwambia mume wangu ageukie dirishani. Nikatoa vikombe vitatu, cheupe, cha bluu na kile cha maua cha mama yake, na vyote nikavijaza karameli. Nilikuwa nabonyeza na kungoja, nabonyeza na kungoja, na katikati nikachezesha sanduku ili asikie vijikopo vinagongana. Nilikuwa nimekata shauri kimyakimya: akisema vyote ni sawa, basi ni mtu anayesema anachokiona, na ile nenda yake nitaiamini, nitapokea simu kwa roho nyeupe. Akizua tofauti, nitajua kwamba sijawahi kupata jibu lolote kutoka kwake.

Nikamwambia ageuke. Nikamdanganya kwamba kimoja ni vanila, kimoja karameli na kimoja chokoleti, aniambie kipi ni kipi.

Alichukua muda wake. Alionja cheupe, akatikisa kichwa taratibu, akaonja cha bluu, akanitazama, akaonja cha maua, kisha akarudia cheupe. Nilikuwa nimesimama mbele yake nimekunja mikono, roho juu. Hatimaye akasema hiki cheupe ni chepesi, kitakuwa vanila. Cha bluu kina uzito fulani, chokoleti hiyo. Na cha maua ndicho karameli, tena ndicho kitamu kuliko vyote.

“Zote ni karameli,” nikamwambia.

Nilitegemea ashtuke, au walau aone haya. Aliweka kikombe chini akasema, “Najua.”

“Unajua nini?”

“Najua ni moja. Ile ya pili ilipogusa ulimi tu nikajua.”

Nikamuuliza basi hadithi za chokoleti amezitoa wapi. Akanieleza, bila hata kupandisha sauti, kwamba nilikuwa nimemtolea macho kama mtu anayengoja majibu ya hospitali. Aliona nilivyohangaika na vikombe vyangu, na akisema ni kitu kimoja nitaumia. Akaona bora anipe ninachokitaka. Kisha, kwa kuwa ulimi ulikuwa umeshafunguka, akanipa na la pili: kahawa yenyewe haipendi. Inamchoma tumbo. Anakunywa kila asubuhi kwa sababu mimi napenda tukae pamoja kabla sijatoka kwenda kazini.

Labda mwanamke mwingine angeguswa moyo. Mimi nilikasirika. Nilimwambia amenifanya mjinga ndani ya nyumba yangu, kwamba naishi na ukuta uliopakwa rangi niipendayo, kwamba miaka yote hii namnywesha mtu sumu nikidhani namstarehesha. Yote hayo niliyasema kwa kunong'ona, kwa ajili ya mama yake pale sebuleni, na hasira ya kunong'ona inachosha kuliko ya kupiga kelele. Nilikuwa natembea kutoka kwenye sinki hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi kwenye sinki. Yeye alikuwa amekaa palepale akikwangua gundi iliyokauka kwenye kucha. Nilipoishiwa pumzi ndipo likanitoka lile nililokuwa nalizunguka.

“Na ile nenda uliyoniambia, nayo ni chokoleti?”

Akaacha kukwangua kucha. Nami kwa mara ya kwanza siku nzima nikasimama mahali pamoja.

“Sitaki uende,” akasema. “Sikutaka tangu uliponiambia.”

Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaona aibu, kwa sababu mwenzangu alikuwa na uso wa mtu aliyefiwa. Nilivuta kiti nikakaa, goti langu likigusa lake. Nilimwona kama mtu mpya aliyeingia nyumbani sasa hivi, mtu mwenye anachokitaka na asichokitaka, na nilitamani kumuuliza mambo chungu nzima: shangazi, wali, rangi ya mapazia, kila kitu. Lakini yeye ndiye aliyeuliza.

“Wewe unataka kwenda?”

Ajabu ni kwamba hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Mkurugenzi aliniuliza kama ninaweza. Mimi mwenyewe nilikuwa nimejiuliza kuhusu basi, nyumba ya kupanga, nani atamfulia mama mashuka, na kama mume wangu amesema kweli au amesema tu. Nilifungua mdomo nieleze hayo yote, likatoka neno moja.

“Nataka.”

“Umeshasikia kwamba mimi sitaki. Bado unataka?”

Niliona chumba changu kipya cha kupimia, ambacho sijawahi kukiona, na kiti ambacho mimi ndiye nitakayeamua kiwekwe wapi. Nilimtazama mume wangu, na sikuweza kumpa jibu la adabu.

“Bado.”

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepima kitambaa akakuta kinatosha pale pale alipokadiria.

“Ndiyo maana nilikwambia nenda,” akasema. “Nilijua utakwenda tu, daktari wangu. Nikaona afadhali uende ukijua nimekuaga vizuri. Sikuwa na kitu kingine cha kukupa. Sasa na hicho umekirudisha.”

Nilitaka kumwambia kwamba sikujua, ila hilo lisingesaidia, kwa kuwa ningejuaje na alikuwa amelificha makusudi, na amelificha kwa wema. Nikamshika mkono, mkavu kwa gundi, naye akaniachia niushike. Kahawa zilikuwa zimepoa na jikoni kulinukia sukari iliyoungua. Nilijichukia kidogo, kisha nikajikuta bado nataka kwenda, kwa nguvu ile ile, na hilo likaniumiza kuliko yote.

Simu ikaita. Mkurugenzi alikuwa mchangamfu, akaanza kwa kuuliza mashine inaendeleaje na tumependa ladha gani. Nikamwambia karameli. Akacheka, akasema hata kwake ni karameli. Kisha akaingia kwenye shughuli yenyewe.

“Haya, mwenzako amekubali?”

Mume wangu alikuwa anasikia kila neno, maana simu yangu ina sauti kubwa na jiko letu ni dogo. Alinitazama. Nilijua kwamba nikisema amekubali atanyamaza, hatanisuta, na mambo yatakwenda kama yalivyokwenda siku zote.

“Hajakubali,” nikasema. “Lakini nakuja.”

Mkurugenzi akasema basi tutaonana Jumatatu tupange, na sauti yake haikuwa na uchangamfu tena. Nikaweka simu mezani. Mume wangu akainuka, akapangusa suruali, akapita nyuma yangu kwenda sebuleni. Nilimsikia akivuta kiti karibu na mama yake, na mama akimuuliza kuna nini, mbona uso uko hivyo.

“Mama,” akasema, “mke wangu anahama. Na mimi sitaki.”