Chati ya Mwalimu Gertruda

Jumamosi hiyo, katika ukumbi wa parokia pale Mbinga, mkono wa kushoto wa Gertruda ulikuwa haumpi raha. Kila mara aliushika juu ya kiwiko na kuuachia, akaushika tena. Mbele yake walikaa wanawake kumi na wanne aliokuwa akiwafundisha kupanga uzazi kwa njia ya asili, ile inayokubaliwa na Kanisa. Nyuma yake ukutani ilining'inia chati yake mwenyewe ya miaka minne: nyekundu siku za damu, kijani siku salama, nyeupe siku za kujizuia.

Chati ilikuwa ya uongo. Alipojifungua kwa upasuaji mara ya tatu, daktari alimwambia mimba ya nne itachana mfuko wa uzazi. Mumewe, Romanus, aliogopa kuliko yeye. Basi Gertruda akateremka Mbamba Bay, akiaga kwamba anafuata usipa, akarudi na kilo mbili za samaki na kijiti cha kuzuia mimba chini ya ngozi ya mkono. Hakuungama, maana hakuona kosa. Wala hakutulia, maana Jumamosi hazikuisha. Aliwahi kumuuliza Padre Sixbert kwa kuzungukazunguka, "Na dhamiri ikikataa, Padre?" Padre akajibu, "Dhamiri hufundwa, mama, kisha hufuatwa." Jibu lilikuwa na milango miwili, na hakuambiwa apite upi.

Rangi za chati alizibuni mezani kwake, siku ishirini na nane kila mzunguko bila kukosa. Hata mwezi wenyewe hauna adabu hiyo.

Lidia, mkulima wa kahawa, mama wa mtoto mchanga, alileta kadi yake ikaguliwe.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Hebu tuone."

Gertruda akaitazama kadi, akageuka ukutani, akaitazama tena. Rangi zilikuwa zilezile, siku kwa siku.

"Siku hizi umezipataje, Lidia?"

"Nimefuata za kwako, mwalimu. Zangu zinanichanganya, na wewe hujawahi kukosea." Lidia akainamisha uso. "Mimi nami nimepasuliwa mara tatu. Daktari kasema nikishika mimba nyingine, nakufa. Ndiyo maana nimefuata za kwako sawasawa."

"Hata mimi," akasema mwingine kutoka nyuma, akiinua kadi yake.

Gertruda akainua macho. Padre Sixbert alikuwa amefika mlangoni kufunga kwa sala. Neno la kujiokoa lilikuwepo, tena la kweli: kadi ya mtu haiazimwi. Angelisema, wangecheka, wangesali na kwenda nyumbani, na Jumamosi ijayo chati ingekuwa palepale. Aliogopa sana.

Akaibandua chati ukutani. Kisha akakunja mkono wa blauzi mpaka juu, Padre akitazama.

"Gusa hapa, Lidia."

Lidia akagusa, akashtuka. "Ni nini hiki, mwalimu?"

"Ndicho kilichonilinda miaka minne," Gertruda akasema, kwa sauti ya kufika mlangoni. "Si zile rangi."