Gita la Pili

…na tena huyu Daktari, ambaye si daktari wa chochote, mwanafunzi wa meno tu, tena meno yenyewe bado anafundishiwa ya plastiki, ndiye wa kuamka na kuandika kwenye kundi la mashabiki kwamba albamu mpya ni pamba, neno moja, pamba, akaongeza kikaragosi kinachosinzia, yaani laini ya kulalia, basi watu wakamshangilia kana kwamba mahakama imetoa hukumu, pamba kivipi, wimbo upi, sehemu ipi, ushahidi uko wapi, ukisimama kwenye mdahalo ukasema pamba halafu ukakaa, hata upande wako mwenyewe utakukana, lakini kwenye simu kila mtu ni jaji, na yeye, msichana aliyeketi hapa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, kidole gumba kimeshaanza kuuma kwa kuwajibu, akafuta, akaandika upya, mpendwa Daktari, hapana, mpendwa ya nini, Daktari, bendi ya metali yenye melodi ikipiga melodi wewe unalalamika, ni sawa na kuingia baharini ukashtaki kwamba umelowa… "wametupiga changa la macho, Wakili, nakwambia," sauti ya kaka ikaingia katikati, kaka yake, pale mbele yake kwenye kiuwanja cha saruji, ameinamia beseni, bega la kulia limeelekea mlangoni, anafikicha ovaroli lake la kazini, na kaka akifua lazima ahutubie, Wakili ni yeye, jina alilobandikwa tangu aingie chuoni na kuanza kushinda midahalo, "wanatuuzia nusu ya bendi kwa bei ya bendi nzima," "Si kweli, kaka," akasema bila kuinua macho, na kaka akaendelea kana kwamba nzi amepita, "gita la pili wamelitupa, kabisa, wala hawakuona haya," hata hakumjibu, hata nyamaza hakumwambia, ndivyo walivyo, kule kwenye kundi wanamfafanulia, huku nyumbani wanampita kama nguzo, kwa mfano huyu mwingine, Mzee wa Besi, kijana mdogo tu ila kajipa uzee kwa sababu alianza kuisikiliza bendi kabla ya wengine, jana kamwandikia, dada, ngoja nikueleweshe gita la solo na gita la mdundo yanavyotofautiana, nikueleweshe, mimi, ambaye nimeyajua magita hayo kabla sijajua kugawanya, halafu hoja yake kubwa ni kwamba tangu aingie mwanamke kuimba bendi imekufa, imekufa na imetoa albamu, maiti gani hiyo inayoingia studio, akacheka peke yake kwa pua, hiyo ni nzuri, akaiandika, maiti gani inayoingia studio, na Kipaza naye, yule anayesifu kila kitu, moto moto moto, moto kwenye wimbo wa kwanza, moto kwenye wa mwisho, moto hata kwenye picha ya jalada, sifa za namna hiyo zina faida gani, heri hata matusi, matusi angalau yanachagua… "Baba," mama akatokeza mlangoni nyuma yake, mashuka mikononi, "hiyo sabuni usiimalize, nina haya hapa," akimwita mwanawe baba kama anavyomwita tangu azaliwe, na kaka anafikicha tu, povu hadi kwenye viwiko, "Baba! Nasema na wewe," kimya, "Haya, siku hizi humu ndani sisi ni hewa," mama akasema, "huyo atakayeolewa naye kazi anayo," akarudi ndani, kandambili zikipiga sakafu kwa hasira, na yeye akamtazama kaka mgongoni akasema moyoni, unaona, dharau, mtu amepata oda ya kuchomelea mageti mawili makubwa basi mama naye amekuwa mteja wa kusubiri foleni, na ni dharau hiyohiyo iliyomfanya jana atume ule ujumbe wa sauti kwenye kundi, mbele ya watu wote, kwa sauti yake nene, jamani, mnabishania mwanamke, mnabishania kinanda, hakuna anayeuliza gita la pili liko wapi, na kundi zima likaangua kicheko, vikaragosi vikamwagika, Daktari akaandika fundi kaisikiliza albamu kupitia geti, na aibu yote ikamwangukia yeye, maana ni yeye aliyemwingiza, ni yeye aliyejigamba, mnayemsubiri ndiye huyu, kaka yangu, ndiye aliyenifundisha huu muziki, na kweli ndiye, wakiwa wadogo na hedifoni moja ya waya, ile ya vidude viwili, wamelala chali kwenye mkeka sebuleni, kaka anachukua cha kushoto anampa yeye cha kulia, kila mmoja na gita lake, kwa sababu bendi hii gita moja wanaliweka huku na jingine kule, kisha wanazima na kuimbiana, wewe lako limesema nini, langu limesema hivi, na lako, hadi wimbo unakamilika mdomoni mwao na baba yao anagonga ukuta wanyamaze… sasa mtu wa namna hiyo, mwenye masikio ya namna hiyo, anawezaje kusema gita la pili halipo, ni ubishi tu, ni ule ugonjwa wa mashabiki wakongwe, kila cha zamani dhahabu kila kipya bati, sawa, kama hana aibu basi na yeye hana, akaandika mwishoni kabisa mwa ujumbe wake, baada ya Daktari, baada ya Mzee wa Besi, na wewe fundi mageti, undugu pembeni, kabla hujawatukana wanamuziki nenda kazibuliwe masikio, akausoma, mzuri, mkali, waamuzi chuoni humwambia una jazba binti, jazba itakuponza, lakini pointi humpa, kidole kikaelea juu ya alama ya kutuma… "ya zamani juzi tu nimeisikia pale karakana kwenye redio ya spika moja, magita yote mawili yapo, yanacheza kabisa," kaka anasema na beseni lake, "nikavaa hizi hedifoni zako nisikilize mpya, gita moja," hedifoni zangu, nilizozishinda kwenye fainali ya mdahalo nikampa yeye badala ya kuziuza, na shukrani ndiyo hii, "na wimbo wa kwanza, Wakili, nani anaanza albamu kimya vile? Nimekaa, kimya, nimekaa, kimya, nikadhani chaji imeisha, nikaanza kuzigongagonga, mara ngoma hizo, puu, nikaruka kwenye kiti!" akacheka, na yeye akafungua mdomo, jibu lilikuwa tayari, majibu yake huwa tayari, kwamba wimbo wa kwanza hauanzi kimya hata kidogo, unaanza na gita, gita peke yake, ndiyo sehemu nzuri kuliko zote, linaingia polepole kama mtu anayetembeza kidole ukutani gizani, upande wa kulia, peke yake, upande wa kulia tu, mpaka ngoma zinapoingia na lile la kushoto linaitikia… Upande wa kulia. Akayatazama maneno aliyoyaandika kwenye simu, akamtazama kaka, bega la kulia limeelekea mlangoni, sikio la kulia, mama amesimama hapo na mashuka, Baba, Baba nasema na wewe, na yeye mwenyewe, si kweli kaka, si kweli kaka, mara ngapi, nzi, hapana, ngoja, usikimbie, hoja haijengwi kwa kukimbia, mtu anaweza asisikie kwa sababu ya maji ya bomba, bomba limefungwa, kwa sababu ya kufikicha, nguo inapiga kelele gani, kwa sababu amezama kwenye maneno yake, haya, hiyo inakubalika, lakini simu, simu siku hizi anapokea kwa mkono wa kushoto, mtu wa mkono wa kulia, anaivusha mbele ya uso kama anayejikuna, na kiti chake cha mezani, alibadilishana na baba bila kusema kwa nini, sasa anakaa pembeni kabisa, ukuta kuliani kwake, familia yote kushotoni, na wakitembea barabarani anamzunguka, anamsukuma kidogo, pita huku, akadhani ni uungwana, anamkinga na magari, tena alifurahi, alimsimulia mwenzake wa chumbani, kaka yangu bwana, na siku ile ametoka kuoga anajipigapiga kichwa, maji yameingia, yatatoka tu, akasema, ilikuwa kabla ya mvua, mvua zimekuja zimeondoka, maji gani hayo… karakana, jamani, karakana, grinda inakata chuma tangu asubuhi, cheche zinaruka, sauti yake inaingia hadi kwenye fizi, aliwahi kumpelekea chakula akasimama nje kwa sababu kichwa kilimgonga, vile vikinga masikio tajiri amenunua kimoja tu kimetundikwa ofisini kama picha ya harusi, hakiguswi, na alimwambia, kaka vaeni kitu, akamjibu nikivaa nitamsikiaje mteja akiita, nao ulikuwa mzaha, wakacheka, yeye pia alicheka, anayejua kubishana na profesa juu ya katiba alicheka akaenda zake… hapana, hapana, ushahidi wa upande mmoja huo, tafuta wa upande wa pili, wanaotengeneza albamu hukosea, labda nakala aliyopata ina kasoro, labda hedifoni, ndiyo, hedifoni, upande mmoja umekufa, vitu vya zawadi vile, vya bei rahisi, lakini yeye mwenyewe alizivaa asubuhi hii hii kusikilizia wimbo huohuo, gita likampanda kuliani mpaka akafumba macho, basi watu, watu, lazima yuko mwingine, akayafuta maneno ya sikio na geti na undugu pembeni, akafuta herufi moja moja, akapanda juu kwenye kundi, juu zaidi, akisoma maoni aliyoyadharau wiki nzima kama anayetafuta ufunguo mchangani, mpumbavu mmoja tu, mmoja, Daktari, lile gita la kulia linalia kama mbu chumbani, umelisikia, mjinga wewe, umelisikia, Mzee wa Besi, magita yote mawili hayana meno tangu aje huyu mama, yote mawili, Kipaza, mwanzo ule, gita peke yake, nimesisimka mwili mzima, moto, na huyu, na yule ambaye hajawahi kuandika chochote, na yule anayekosea kila jina la wimbo, anayeponda na anayesifu, wote, watu wasiokubaliana hata kwamba leo ni leo wamekubaliana jambo hili moja, wamelisikia, wote, masikio yote mawili, bila shukrani, akaandika haraka, Jamani, kuna mtu yeyote mwingine ambaye hasikii gita la pili, akatuma, na vicheko vikaanza papo hapo, hee Wakili na wewe, ni nyumba nzima kumbe… "Mbona kimya?" kaka amekamua ovaroli, maji ya kijivu yanatiririka kwenye saruji, "leo nimekushinda, au sio?" na yeye, ambaye hajawahi kukubali kushindwa na mtu yeyote, ambaye angetoa kombe, hedifoni, chuo chenyewe ili leo kaka awe amemshinda kihalali, kwa hoja, kwa ukweli, gita halipo na yamekwisha, akasema, "Umenishinda, kaka," na kaka akageuza shingo yote, uso wote, mpaka shavu la kushoto likamwelekea, "Eh?" "Nimesema umenishinda!" kwa sauti ya jukwaani, ile inayofika kiti cha nyuma, na kaka akayapiga maji kofi akacheka kwa furaha ya kweli, mama akauliza kutoka ndani kuna nini tena huko, kaka akachovya ovaroli kwenye maji ya pili akaendelea kuhutubia, nilijua tu, nilijua, na mkononi mwa Wakili simu ikatikisika, Daktari anaandika, Daktari ameacha, Daktari anaandika, andika ndugu yangu, tukana ukitaka, niite mjinga mbele ya kundi zima, lakini andika kwamba na wewe hulisikii.