Mikwaruzo ya Mlangoni

Kiburi kiliniponza kwenye simu. Mume wangu, fundi wa mitambo anayefanya kazi mbali kabisa na hapa, alipiga kusema anakuja likizo, na kwamba wakubwa wake wamempa mkataba mwingine wa miaka mitatu. Alikuwa hajausaini. Ataamua akifika nyumbani. Akaniuliza mimi nasemaje.

Nilikuwa na neno moja tu kooni, na likakataa kutoka. Nikamwambia aamue mwenyewe, asituhurumie, sisi tumeshazoea, hata mbwa wake kamsahau. Akacheka, akasema haya, vizuri basi.

Nilipoweka simu chini, macho yakatua kwenye mlango wa sebuleni. Ni mlango wa kioo kitupu, kuanzia juu hadi sakafuni. Aliuweka kwa mikono yake likizo iliyopita, akidai sebule ina giza kama stoo, na aliondoka ukiwa hauna hata alama. Tangu hapo mbwa wake, kila jioni, saa aliyozoea kumpokea, huja na miguu yake yenye mchanga akaparura kioo huku akiangalia getini. Upande wa chini ulikuwa mistari juu ya mistari. Mtu yeyote angeona kwamba nyumba hii ina kiumbe ambaye hajazoea chochote.

Nikajiambia siumbuliwi na mbwa.

Nilianza na dawa ya meno, maana wifi yangu aliapa kwamba inafuta mikwaruzo. Nilisugua hadi sebule nzima ikanukia kama mtu aliyetoka kupiga mswaki, na mistari ikabaki palepale, sasa ikiwa misafi. Wifi alikuja kukagua, akajituliza kwenye kochi, akauliza kwa nini najitesa hivi badala ya kumwambia kaka yake kwamba nimemkumbuka. Nikamwambia anywe chai yake.

Aliyenisaidia ni fundi wa vioo. Aliniuzia unga laini wa rangi ya waridi, wa kukoroga na maji uwe mzito kama uji, na kitambaa kinene cha kusugulia. Akanielekeza nipitishe kucha juu ya kila mstari. Kucha ikiteleza, mstari utatoka. Ikikwama niache, kwa sababu nikilazimisha nitachimba kibonde, na kila kitu cha nje kitaonekana kimepinda. Tena unga usikauke, kioo kikipata moto kinapasuka.

Basi nikapiga magoti. Nilivua pete isije ikaingia unga. Inanipwaya, na kijiwe chake, ambacho tangu siku ya ndoa namtania mume wangu kuwa ni kipande cha chupa, hugeukia kiganjani. Kucha iliteleza karibu kila mahali. Nikasugua, nikanyunyiza maji, nikafuta, nikaangalia. Mbwa alilala pembeni akinitazama kama mtu anayeibiwa mchana kweupe.

Kadiri kioo kilivyotakata ndivyo nilivyozidi kumwona mume wangu akiingia getini na begi lake. Hamu ikanibana mpaka nikaacha kazi, nikaegemeza paji la uso kwenye kioo chenye majimaji. Nilimtaka arudi moja kwa moja. Nilimtaka upande wake wa kitanda, akorome, asubuhi anilalamikie soksi zisizoonekana. Na pale nilikuwa nafuta ushahidi pekee uliokuwa upande wangu. Nililijua hilo vizuri, na bado nikaendelea kusugua.

Siku alipofika, mbwa, msaliti yule, alimrukia hadi begi likaanguka. Mume wangu akauliza kama huyu ndiye aliyemsahau. Nikasema humrukia kila mtu, hata msoma mita.

Jioni tulikaa sebuleni, mkataba ukiwa mezani. Akasema nyumba imependeza, kila kitu kiko mahali pake, inaonekana kweli tumezoea. Alisema kwa upole, kama anayeaga. Nikamwongezea chai. Akainuka kwenda kuangalia mlango wake, akachuchumaa, akapitisha kiganja kule chini, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akasimama wima. Jua lilikuwa linaingia kwa ubavu, naye akasogeza uso karibu na kioo.

Akaniita. Mbele yake, usawa wa bega langu, kulikuwa na mikwaruzo mifupi imerundikana mahali pamoja. Mimi nilikuwa nimefanya kazi yote kwa magoti, wala sikuinua macho. Alinishika mkono wa kushoto akauweka pale, na kijiwe cha pete kikakaa juu ya mikwaruzo ile sawasawa. Kila jioni nilikuwa nasimama nyuma ya mbwa, mkono kwenye kioo, nikiangalia geti lilelile.

Akapitisha kucha. Ikakwama.

"Si ulisema jiwe hili ni chupa?" akauliza. "Chupa haichimbi kioo namna hii."

Nilifungua mdomo nimtanie kama kawaida yangu. Kilichotoka ni lile neno la siku ya simu.

"Baki."

Hakuuachia mkono wangu. Mbwa alikuja akakaa katikati yetu, akaangalia getini kama kawaida yake, kisha akaligeuzia geti mgongo, akalala.