Kiti Hakiingii kwenye Skana

Karatasi zilikuwa kazi ya siku moja. Vyeti, barua, picha za harusi ya wazazi: unafungua skana, unalaza, unafunika, unawatumia ndugu zangu wakubwa huko waliko. Shida ikawa vitu. Kiti cha marehemu baba hakiingii kwenye skana, wala cherehani ya mama aliyemfuata kaburini, wala zile kalibu za mbao ambazo baba, fundi viatu, alizichonga kwa kufuata miguu ya wateja wake. Basi nikaazima kamera.

Sheria ilikuwa ya Kaka Mkubwa: nyumba haifungwi mpaka kila mtoto achague chake. Na watachaguaje wasichokiona?

"Wewe kitinda mimba uko hapo hapo," aliniambia kwenye simu. "Tupigie picha nzuri, tuchague, halafu uko huru."

Hilo neno la mwisho nililishika kwa mikono miwili. Mchumba wangu, fundi umeme, alikuwa amepata kazi mji mwingine, na alitaka tuhame wote mwisho wa mwezi.

Nilipiga picha kama mwehu. Nilitundika shuka jeupe sebuleni, nikalivuta mpaka sakafuni lisioneshe mkunjo. Meza niliisogeza dirishani mwanga uingie kwa ubavu, maana mwanga wa mbele unakifanya kitu kiwe bapa kama kadibodi. Rula pembeni, wajue ukubwa. Kila kitu mbele, nyuma, chini. Kalibu nilizisogelea hadi jina la mteja, lililoandikwa kwa penseli, likasomeka. Nilitaka waone, watamani, walete gari la mizigo.

Wakaona. Dada alilia. Kaka Mkubwa aliikuza picha ya kiti akaitundika ukutani, na mkewe anaipangusa vumbi kila asubuhi. Kiti kisichokalika! Nilicheka, sitaki kudanganya.

Kisha nikauliza gari linakuja lini.

"Gari la nini tena?" akajibu Kaka Mkubwa. "Mdogo wangu, umefanya kazi ya maana. Vyote tunavyo humu kwenye simu, wala hatugombani. Vyenyewe vibaki nyumbani."

"Na nyumba je?"

"Nyumba ina mtu."

Dada naye, kwenye simu hiyo hiyo, akadakia, "Ukiondoka wewe, mchwa wataingia."

Mcheza kwao hutuzwa, na mimi nikatuzwa ufunguo. Ningepiga picha mbovu, zenye ukungu, zilizopinda, wangekuja wenyewe kuangalia. Nina hasira nao, na hasira zaidi na hii mikono yangu.

Mtu atasema, si ufunge mlango uende? Aseme ambaye hajawahi kuachiwa nyumba ya wazazi. Nilifunga kweli, nikafika barabarani na begi langu, nikawaza mvua na lile dirisha la nyuma lisilofunga vizuri. Nikarudi.

Fundi umeme akaja kuaga. Alisimama katikati ya sebule, shuka bado limetundikwa, akanisikiliza mpaka nikamaliza. Hakugomba. Afadhali angegomba.

"Basi," akasema, akaichukua kamera mezani, kwani simu yake ni ya vitufe, haina habari na picha. "Kaa hapo nikupige moja. Nitaisafishia mjini, niende nayo."

Nikakaa. Hata uso nikaugeuzia dirishani, kwa mazoea. Alipoinua kamera nikashikwa na woga ambao sijawahi kuujua. Niliruka nikaziba lenzi kwa kiganja.

"Una nini?"

"Hunipigi."

"Moja tu, mpenzi."

"Hata nusu. Ukinitaka, njoo unitazame."

Aliiweka kamera taratibu, akanishika bega, akaondoka mikono mitupu. Nilimsindikiza kwa macho mpaka akapotelea kwenye kona, nikiomba asahau sura yangu upesi, ashindwe kabisa kuikumbuka, ili alazimike kurudi kuniangalia.