Anayeng'oa Vigae

Kigae cha nne kiligoma. Kaka mtu akakipenyezea patasi pembeni, akagonga taratibu, kikatoka na saruji yake mbichi. Cha tano kikafuata. Mstari mzima ulikuwa umepinda kama mkia wa mjusi.

Aliyevipanga ni mdogo wake, aliyeondoka nusu saa iliyopita. Mafundi wenzao walimwita Kompyuta. Miaka sita alikuwa akisimama mlangoni pa chumba kitupu, anakizungushia macho mara moja, anasema, "Mia na themanini na nne, vya kukata kumi na moja." Vigae havikuzidi wala kupungua.

Sasa ukimwagiza ndoo ya saruji, uzi na pimamaji, analeta ndoo, anasimama nayo. Saruji inakauka ndani, yeye anaitazama.

"Kompyuta imeingia virusi," fundi wa rangi alisema juzi, wote wakaangua kicheko. Kompyuta mwenyewe alicheka pia, ila alichelewa. Wenzake walikuwa wameshanyamaza.

Basi kila jioni, wiki ya tatu hii, kaka mtu alibaki nyuma, akang'oa, akapanga upya, akafagia. Mwenye nyumba akijua, atamfukuza kijana, na kazi ndiyo pekee iliyokuwa ikimtoa kitandani. Mke wa kaka mtu tu ndiye aliyemng'amua.

"Utaficha mpaka lini, baba? Mficha maradhi..."

"Najua inavyomalizikia," akamkata.

Lakini kesho yake asubuhi akampeleka mdogo wake hospitali.

Daktari alikuwa mama mpole, kalamu mkononi. "Nitakutajia vitu vitano, kisha unirudishie. Ngazi, chungwa, ufunguo, blanketi, mwewe."

"Ngazi," Kompyuta akasema. Akakuna goti. "Ngazi..."

Kaka mtu, aliyeishia darasa la tano, alikuwa navyo vyote mdomoni. Akavimeza kimoja kimoja.

"Haya. Mia, toa saba."

"Tisini na tatu."

"Toa tena."

"Nitoe nini, daktari?"

Kaka mtu akainamisha uso, akaanza kubandua saruji iliyoganda kwenye kucha zake.

"Kuna jambo linalokusumbua?" daktari akauliza.

Kompyuta akautazama mlango, akashusha sauti. "Kuna mtu ananichezea. Nikiondoka kazini, anakuja anang'oa vigae vyangu, anapanga vyake. Juzi nilimtegea. Nilikwaruza alama kwa msumari kwenye kigae cha pembeni. Asubuhi hakipo."

"Anakuchezea kwa nini?"

"Anataka nionekane mwendawazimu."

Daktari akatikisa kichwa kwa huruma, akaanza kuandika.

Kigae hicho kaka mtu alikiona. Alidhani kina ufa, akakitupa kwenye kifusi. Akaitazama kalamu inavyokwenda. Neno la kweli kabisa alilosema mdogo wake asubuhi ile ndilo lililokuwa likiandikwa kuwa ugonjwa. Akinyamaza, kijana atabaki kichaa anayejiamini kuwa fundi. Akisema, atambakishia nini?

"Daktari, hilo usiliandike." Kaka mtu akanyoosha mkono kuizuia kalamu. "Ni mimi."

"Wewe umefanyaje?"

"Mimi ndiye ninayeng'oa. Ni mimi, mdogo wangu. Vilikuwa vinapinda."

Kompyuta akamgeukia. Kaka mtu akajikaza, akangoja tusi, hata kofi. Havikuja. Uso wa mdogo wake ukakunjuka polepole, ukawa ule wa zamani, wa mlangoni pa chumba kitupu.

"Kumbe nilikuwa sikosei!"

"Hukukosea."

"Basi, kaka." Akasogeza kiti karibu, macho yanamng'aa kwa matumaini. "Na wale wanaonisema ukutani, nao ni wewe?"

Daktari akaiweka kalamu chini.

Kaka mtu akafungua mdomo. Tangu azaliwe hakuwahi kutamani kusema ndiyo kama siku ile.

"Hao siwajui, mdogo wangu."

"Si hawa hapa?" Kompyuta akainua kidole, kama anayewanyamazisha watu. "Hebu sikiliza."

Kaka mtu akainuka, akaegemeza sikio ukutani, akafumba macho. Ukuta ulikuwa wa baridi. Akasikiliza.