Jozi Kumi na Mbili za Magongo

"Dada, huo mfumo wenu hautufai," kaka wa fundi wa magongo alisema, akiwa ameziba mlango wa karakana kwa mabega yake. "Mnanipigia simu, nasikia, namweleza mdogo wangu, magongo yanatoka. Tatizo liko wapi?"

Karani wa ununuzi wa hospitali alifuta jasho. Kilima kile alikuwa amekipanda kwa miguu. Wauzaji thelathini na mmoja walishakubali kupokea oda na kutuma ankara kwa mtandao: muuza mayai, mshona shuka, hata mzee wa mifagio aliyeapa kwamba simu iliumbwa kwa kupigia tu. Kila mmoja karani alimfuata alipo, akaketi naye mpaka kidole kikazoea. Alibaki huyu fundi wa magongo ya kutembelea. Asubuhi hiyo mkuu wake alikuwa amepoteza subira.

"Barua tatu, hajajibu hata moja. Saa kumi leo asipokuwa kwenye mfumo, oda zinakwenda kiwandani. Na wewe, mpaka lini utabembeleza watu wazima?"

"Mpaka waingie, mkuu," alijibu, akachukua mkoba wake.

Sasa alimwambia kaka mtu, "Naomba nizungumze na fundi mwenyewe."

"Utazungumza naye nini? Hasikii huyo. Ni kiziwi tangu utotoni."

Miaka sita karani alikuwa akisoma oda kwenye simu, na miaka sita aliamini kwamba ile sauti ya upande wa pili ni ya fundi.

Ndani, mwanamume mwembamba alikuwa akipiga msasa. Alihisi nyayo kwenye sakafu ya mbao, akageuka, akatabasamu kwa adabu, kisha akamaliza kwanza alichokuwa nacho mkononi. Aliliweka gongo kwapani, akafumba macho, akaliegemea kwa uzito wake wote. Kitu hakikumridhisha. Akalirudisha kwenye msasa.

Karani aliokota chaki, akaandika kwenye ubao uliokuwa mezani: *Ulipata barua zetu?*

Fundi alisoma, akamtazama kaka yake. Kaka mtu aliyatazama maranda sakafuni.

"Ninazo mimi," alisema hatimaye. "Tangu mama yetu afariki, mimi ndiye masikio yake. Mkishaanza kuandikiana, mimi nitakuwa nani hapa?"

Swali hilo halikuwamo kwenye mafunzo ya mfumo. Karani alivuta kigoda akaketi. "Sijui, kaka," alisema. "Lakini akikosa oda, nyote wawili mtakuwa nani?"

Kaka mtu alianza kumweleza mdogo wake kwa mikono, barua moja baada ya nyingine, bila kuficha. Fundi alimpiga konzi la bega, zito kidogo kuliko la mzaha, halafu akampokonya simu.

Walijisajili pale pale. Ilipofika zamu ya nenosiri, fundi aliifunika simu kwa kiganja ili kaka yake asichungulie, na kaka mtu akacheka, kwanza bila kupenda. Ilikuwa saa tisa na dakika arubaini karani alipotuma oda ya kwanza. Simu ilitetemeka mkononi mwa fundi: *Magongo ya mtoto, jozi kumi na mbili.*

Alisoma mara mbili. Hakubonyeza *Kubali*. Aliandika, akatuma.

*Mtoto si kipimo. Miaka sita nauliza urefu wa kila mmoja. Hamjibu.*

Karani alimgeukia kaka mtu. "Alikutuma utuulize?"

"Alinituma. Nikapiga. Mama mmoja akaniambia tutengeneze kama kawaida, tusimsumbue, ana kazi nyingi. Sikurudia tena."

Simu ile ya ofisini ilikuwa na mpokeaji mmoja tu. Karani aliona masikio yake yakipata moto. Angeweza kunyamaza, nani angejua? Lakini aliichukua chaki, akaandika kwa herufi kubwa: *Nilikuwa mimi. Nisamehe.* Kisha akaongeza: *Ngoja.*

Aliteremka kilima mbio mbio. Hakupitia kwa mkuu wake. Alikwenda moja kwa moja wodi ya watoto, akaazima utepe wa kupimia kwa muuguzi, akapiga magoti sakafuni na sketi yake ya ofisini. Alipima kutoka kwapa hadi chini, kitanda baada ya kitanda, na kila kipimo alikituma hapo hapo. Maswali ya fundi yalikuja yakifuatana: *Huyu mkono upi una nguvu? Huyo ana uzito gani?* Muuguzi alijibu, karani akaandika.

Wa kumi na mbili alikuwa msichana aliyelazwa wodini tangu mvua zilizopita. Alisimama kwa mguu mmoja, mkono ukutani, akajiinua kwa ncha za vidole mpaka akatetemeka.

"Shusha kisigino, mwanangu. Nitakosea."

"Hukosei," mtoto alisema, hashuki. "Yakifika, nitakuwa nimekua mpaka hapa."

Karani aliushika utepe, macho yakipanda na kushuka kati ya namba mbili, ya kisigino chini na ya kisigino juu.