Fulana Nyekundu ya Esnah

Mimi Nyamongo nina hasira za karibu, na sifa za fundi mwenzangu hunitoka kwa shida. Lakini Anyiko nitamsifu, mpende msipende.

Mwaka wa 1979 tulikuwa na kibanda cha kutengeneza redio mjini Kisii, mimi na yeye. Mimi nilitoka Kiogoro kila asubuhi. Yeye alikuwa mtu wa ziwani, na ufundi alijifunza kwa kozi ya posta. Mwezi mmoja wa mvua, Mogaka mwenye hoteli akatuletea televisheni yake ya rangi, ya pekee niliyoijua mjini. Radi ilikuwa imeipitia. Picha ipo, sauti ipo, rangi hakuna.

Mogaka hakuwa na haraka. Mwenye haraka alikuwa Mama Nyanchera wa Magwagwa. Binti yake, Esnah, angekimbia mita elfu tatu Nairobi Jumapili hiyo, na mbio zingeonyeshwa. Mwaka uliopita mama alizitazama kwenye televisheni isiyo na rangi. Esnah alivaa fulana nyekundu, msichana mwingine kijani, na zote zikatoka kijivu kilekile. Mama akamshangilia mshindi, akarudi Magwagwa mbio kuwaambia akina mama wa kanisani. Esnah alipofika nyumbani alikuta nyimbo na kuku amechinjwa. Alikuwa amemaliza wa saba.

"Mama, kumbe hata hukuniona," alisema. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena nyumbani.

"Wanangu, safari hii nataka kumwona yeye," mama alituambia. "Awe wa mwisho, si kitu. Awe yeye tu."

Kilichoungua ni chipu moja. Picha huja imechanganywa yote pamoja, na chipu hiyo ndiyo huichambua: nyekundu huku, kijani huku, buluu huku. Muuza vipuri wa Kisumu alitupa mbili tuchague moja, nyingine tumrudishie. Ya kwanza ilikuwa na miguu kumi na sita, sawasawa na iliyoungua. Ya pili ilikuwa na miguu ishirini na minne.

"Kuna la kuchagua hapo?" nikamwuliza Anyiko. "Hii inaingia, ile haiingii!"

Yeye alikuwa amejiinamia juu ya kijitabu cha kiwanda, anafuata mistari kwa ncha ya sindano, mguu mmoja baada ya mwingine. Siku mbili nzima! Alhamisi alipokwenda kula nikachoka kungoja, nikachomeka ile ya kwanza.

Lo! Rangi zikaja. Nikaibeba televisheni hadi hotelini kwa Mogaka, wateja wakapiga makofi. Uso wa mtangazaji ulikuwa wa kijani kibichi, lakini nani pale alijua mtangazaji wa rangi anafananaje? Mtu mmoja akasema labda ni hewa ya Nairobi. Mama Nyanchera, aliyekuwa amekuja kuulizia, akasogea karibu na kioo.

"Baba Nyamongo, na nyekundu iko wapi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Anyiko alipokuja hakunicheka. "Hiyo ina miguu kama iliyoungua, lakini ni ya Wamarekani, ndugu yangu," alisema. "Picha huchorwa mstari kwa mstari, na stesheni yetu hugeuza rangi kila mstari. Chipu isiyojua kugeuka nayo inaipata nyekundu mstari huu, inaifuta mstari unaofuata. Hii ya miguu mingi ndiyo inayojua."

Miguu minane ilibaki nje, haina tundu. Anyiko akaivutia nyaya nyembamba kama nywele, mmoja mmoja. Ijumaa jua lilipotaka kuzama, bado miguu mitatu, akazima chuma cha kulehemu. Yeye ni Msabato.

"Anyiko, Jumapili ni kesho kutwa!" nikapiga kelele.

"Naijua. Na Sabato inaingia sasa hivi."

Nilikasirika hadi nikapiga teke kiti. Ningeweza kumalizia mwenyewe Jumamosi. Haki ya Mungu, nilifungua televisheni, nikatazama kazi ile, nikafunga. Kazi safi namna hiyo sikuthubutu kuitia mkono. Jumapili alfajiri alifika kabla yangu, na saa tatu mtangazaji alikuwa na uso wa mtu.

Mchana hoteli ikajaa. Wasichana walipojipanga tuliiona fulana nyekundu mara moja, nyekundu kama buni iliyoiva. Mama Nyanchera akaifuata kwa kidole kwenye kioo, mzunguko baada ya mzunguko. Kwenye kona ya mwisho Esnah akagongwa na mwenzake, akaanguka. Wote wakampita. Wateja wakaguna, wakageukia chai zao.

Akainuka. Akakimbia peke yake, goti linatoka damu, nayo tuliiona. Alipovuka mstari, mikono miwili tu ilipiga makofi hoteli nzima, ya mama yake.

"Niandikie barua," alimwambia Anyiko, machozi yakimtiririka. "Mwambie nilimwona akianguka. Mwambie nilimwona akiinuka."

Esnah alikuja Desemba. Kabla ya kupanda kwenda Magwagwa aliingia kwa Mogaka, akaniomba nimwonyeshe kiti alichokalia mama yake siku ile.

Nikamwambia mama yake hakukaa.